Fimbo, Mpira Unaowaka na Jicho: Vita ya Nintendo, Sony na Microsoft

Wasomaji wangu, mnisamehe kwa ukimya. Gazeti limenibana. Wiki mbili nzima nimekuwa nikizunguka na habari za bajeti na za mahakamani, nikirudi nyumbani nimechoka hata kuwasha kompyuta sitaki. Leo nimepata upenyo, na nataka kuandika jambo ambalo halina uhusiano wowote na bajeti.

Juzi pale chumba cha habari tulibishana mpaka mhariri akatufukuza twende tukatafute habari. Mwenzangu mmoja, shabiki wa PlayStation tangu utotoni, alisema hivi: yale mambo ya kucheza gemu kwa kurusha mikono hewani yalikuwa mzaha mtupu. Nintendo walibahatisha, Sony na Microsoft wakaiga, watu wakachoka, kwisha habari.

Mimi nakataa. Nakataa kwa sababu nimeisoma historia hii kwa muda mrefu, na naona ni moja ya visa vitamu vya biashara vya karne hii. Kampuni tatu kubwa zilikuwa na wazo lile lile, zikaliuza kwa njia tatu tofauti kabisa. Na ukichunguza nani alikula na nani alilia, unakuta kwamba ubora wa chombo haukuamua sana. Kilichoamua ni swali ambalo hata mwenye duka la mtaani analijua: hiki kitu nakitia ndani ya boksi, au nakiuza pembeni? Na ninamuuzia nani?

Ngoja nianzie nyumbani kidogo, halafu twende Japani.

Nimekulia Sinza, kwa shangazi. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kibanda cha gemu: PlayStation 2 mbili, runinga mbili zenye mgongo mkubwa, benchi moja la mbao, na vijana kumi na tano wanaosubiri zamu. Unalipa kwa mechi. Shangazi alikichukia kibanda kile kama ugonjwa. Mara ngapi alikuja kunitoa na kandambili mkononi, sihesabu. Kwake gemu ilikuwa uhuni, basi.

Desemba 2009 mwanawe mkubwa, aliyekuwa anasoma Uingereza, alikuja likizo na Wii. Jioni ya kwanza shangazi alinuna. Jioni ya pili alikaa akatazama. Jioni ya tatu alisimama katikati ya sebule, khanga kaifunga kiunoni, rimoti nyeupe mkononi, anacheza tenisi. Alinifunga, jamani. Mimi, mtoto wa kibandani!

Nikiwa mdogo nilidhani kile kilikuwa kioja cha familia yetu. Kumbe shangazi yangu alikuwa ndiye mteja hasa aliyekusudiwa, na kuna watu Kyoto walikuwa wameumiza vichwa miaka kadhaa wakimfikiria.

Mwaka 2002 Satoru Iwata alipokabidhiwa urais wa Nintendo, kampuni ilikuwa imeshashushwa kwenye kiti chake. Nintendo ni wakongwe. Walianza mwaka 1889 mjini Kyoto chini ya Fusajiro Yamauchi wakitengeneza karata za hanafuda, na miaka ya themanini walitawala gemu za nyumbani. Kisha Sony wakaingia mwaka 1994 na PlayStation, mambo yakageuka. GameCube, mashine ya Nintendo ya wakati huo, iliuza chini kidogo ya milioni 22 katika uhai wake wote. PlayStation 2 ilivuka milioni 155. Hata Microsoft, wageni walioingia na Xbox mwaka 2001, waliipita GameCube kidogo.

Wengi wangefanya nini hapo? Wangetengeneza mashine yenye nguvu zaidi. Iwata, ambaye alianza maisha kama mtunga programu, alisoma soko kwa namna nyingine. Aliona kule Japani wachezaji wanapungua. Gemu zimekuwa ngumu, pedi zimejaa vitufe, mtu mzima ambaye hajawahi kucheza anaishika anaona aibu anairudisha mezani. Kushindana na Sony kwa nguvu za picha kungekuwa kugombania wateja wale wale, tena kwa gharama kubwa. Nje ya wale kulikuwa na watu wengi mno ambao hakuna aliyekuwa anawauzia chochote.

Walianza na kile cha mkononi. Nintendo DS ilitoka mwisho wa 2004 ikiwa na kioo cha kugusa, na mwaka 2005 Wajapani wazee kwa vijana wakaanza kuinunua kwa ajili ya gemu za mazoezi ya ubongo. DS ilikuja kuuza milioni 154. Kwa hiyo anayesema Wii ilikuwa bahati nasibu hajui kwamba mchezo ulishajaribiwa kwanza uwanja mdogo.

Kuna jina jingine ambalo lazima nilitaje hapa: Gunpei Yokoi. Huyu aliajiriwa Nintendo mwaka 1965 kutunza mitambo ya kutengenezea karata, akaishia kubuni Game & Watch ya mwaka 1980 na kuongoza utengenezaji wa Game Boy ya 1989. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1997, lakini alikuwa ameacha falsafa yake ndani ya kampuni. Kwa maneno yangu ni hivi: chukua teknolojia iliyozeeka, iliyoshuka bei, inayoeleweka vizuri, kisha itumie kwa namna ambayo hakuna aliyeifikiria. Game & Watch ilitumia vioo vya kikokotoo. Game Boy haikuwa na rangi wakati washindani wake walikuwa nazo, na iliwazika wote.

Sasa itazame Wii kwa jicho hilo. Ndani yake mlikuwa na chipu za ukoo ule ule wa GameCube. Haikutoa picha za ubora wa juu ambazo runinga mpya za wakati ule ziliweza kuonyesha. Ajabu yote ilikuwa kwenye ile rimoti, na yenyewe haikuwa na uchawi. Ilikuwa na kihisi mwendo kidogo cha silikoni, ndugu wa vile vilivyokuwa vikitumika kwenye magari kufyatua mifuko ya hewa wakati wa ajali. Na puani mwake ilikuwa na kamera ndogo inayoona mwanga wa infraredi. Kile kijiti unachokiweka juu ya runinga, ambacho watu wote walidhani kinapokea mawimbi, hakipokei kitu! Ni taa tu. Rimoti ndiyo inayozitazama taa na kukadiria imeelekea wapi. Ndiyo maana mishumaa miwili inaweza kufanya kazi ile ile. Hii ya mishumaa nimeijaribu mwenyewe, baada ya panya kutafuna waya wa kijiti chetu, na shangazi akanitishia kunifukuza kwa kutaka kumchomea mapazia.

Wii ilitoka Marekani tarehe 19 Novemba 2006 kwa dola 250, na ndani ya boksi wakatia gemu ya Wii Sports bure, isipokuwa Japani ambako iliuzwa kando. Siku mbili kabla, PlayStation 3 ilikuwa imetoka kwa dola 500 na 600. Sony walikuwa wanauza kila mashine kwa hasara, wakitumaini kurudisha fedha kwenye gemu. Nintendo walikuwa wanapata faida kwenye mashine yenyewe. Naomba urudie sentensi hizo mbili. Aliyeuza bei nusu ndiye aliyekuwa anapata faida.

Kilichofuata unakijua. Krismasi ya 2006 na ya 2007 Wii haikupatikana madukani. Watu walicheza kwa vurugu mpaka rimoti zikawa zinawaponyoka na kuvunja vioo vya runinga. Desemba 2006 Nintendo walijitolea kubadilisha kamba za mkononi zipatazo milioni 3.2. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009 waliuza Wii karibu milioni 26 na kupata faida ya uendeshaji ya yeni bilioni 555.

Na Sony? Hapa ndipo mwenzangu wa chumba cha habari anapokosea zaidi, kwa sababu Sony walikuwa wametangulia! Mwaka 2003 walitoa EyeToy, kamera ndogo ya PlayStation 2 iliyotokana na kazi ya mtaalamu wao Richard Marks. Unasimama mbele ya runinga, unajiona ndani ya picha, unasafisha madirisha kwa mikono yako mitupu. Ziliuzwa zaidi ya milioni 10. Lakini Sony waliichukulia kama kitu cha sherehe, cha watoto kwenye sikukuu ya kuzaliwa. Walikuwa na mteja wa Nintendo mkononi wakamwacha aondoke.

Kisha Mei 2006, miezi michache baada ya dunia kuiona rimoti ya Wii, Sony walipanda jukwaani Los Angeles na kutangaza kwamba pedi mpya ya PlayStation 3 nayo inahisi mwendo. Iliitwa Sixaxis. Tena ilikuwa imepoteza mtetemo, ule mtikisiko tuliouzoea mkononi ukipiga shuti. Sony walisema mtetemo unavuruga vihisi. Wengine walinyooshea kidole kesi ya hataza ambayo kampuni ya Immersion ilikuwa imewafungulia, na ambayo mwaka 2004 baraza la mahakama liliamua Sony walipe dola milioni 82. Wakamalizana Machi 2007, na miezi michache baadaye Sony wakatangaza pedi mpya yenye mtetemo na vihisi vyote pamoja. Amua mwenyewe.

Juni 2009, Los Angeles tena. Siku moja Microsoft, siku inayofuata Sony, kila mmoja anaonyesha jibu lake kwa Wii. Hapa kuna kichekesho cha historia. Sony, waliokuwa na kamera peke yake, sasa walikuja na fimbo: PlayStation Move, yenye mpira unaowaka rangi kichwani kama aiskrimu, na kamera inaufuatilia mpira huo. Microsoft, ambao hawakuwa na lolote la maana katika mambo haya, walikuja na wazo la EyeToy lililokuzwa mara mia: hakuna kushika kitu chochote, mwili wako ndio pedi.

Mradi wa Microsoft uliitwa Natal, jina la mji wa Brazil, nchi ya Alex Kipman aliyeuongoza. Baadaye ukaitwa Kinect. Kampuni ya PrimeSense ya Israeli ilileta njia ya kutawanya maelfu ya nukta za infraredi chumbani, ambazo jicho la binadamu halizioni, na kamera inasoma jinsi zilivyopinda ili kujua kila kitu kiko umbali gani. Kutoka hapo watafiti wa Microsoft wa Cambridge, Uingereza, waliifundisha kompyuta kutambua bega ni lipi na goti ni lipi, kwa kuilisha mifano mingi mno ya miili ya watu iliyotengenezwa kwa kompyuta. Nakiri kwamba kama tunapima akili tupu, hiki ndicho chombo bora kuliko vyote vitatu. Wala hakina mshindani.

Move ilianza kuuzwa Septemba 2010, Kinect ikafuata tarehe 4 Novemba. Kifurushi cha Move chenye fimbo moja, kamera na gemu kilikuwa dola 100, fimbo ya pili dola 50. Jumla watu wawili, dola 150. Kinect nayo ilikuwa dola 150. Bei sawa kabisa! Lakini Sony walikuwa wanamuuzia mtu ambaye tayari ana PlayStation 3, anayependa gemu za kawaida, wakimwambia hii itakupa usahihi kuliko Wii. Ilikuwa kweli. Ila mtu huyo hakuwa amelalamika. Pedi yake ilimtosha.

Microsoft walimfuata shangazi yangu. Matangazo ya Kinect yalijaa familia zinazorukaruka sebuleni, na yalifanya kazi: milioni 8 ndani ya siku 60 za kwanza, wastani wa zaidi ya 133,000 kwa siku, na Guinness wakaiandika kuwa kifaa cha kielektroniki kilichouzwa haraka kuliko vyote. Xbox 360, mashine iliyokuwa na umri wa miaka mitano, ikapata ujana mpya. Move nayo ilifika milioni 15 kufikia mwisho wa 2012. Si haba. Lakini taja gemu moja ya Move unayoikumbuka. Ndiyo hivyo.

Tatizo la kuuza kitu pembeni ya boksi liko kwa watengenezaji wa gemu. Jiweke kwenye nafasi yao. Unatumia mamilioni ya dola kutengeneza gemu. Je, utaitengeneza kwa ajili ya wote wenye PlayStation 3, au kwa sehemu ndogo walionunua fimbo? Jibu liko wazi, kwa hiyo Move inapewa makombo: gemu ya kawaida iliyobandikwa fimbo juu yake. Mteja anaona makombo, hanunui fimbo. Fimbo hazinunuliwi, makombo yanapungua. Nintendo wenyewe waliionja shubiri hii. Juni 2009 walitoa MotionPlus, kidude chenye jairoskopu cha kuchomeka chini ya rimoti ili iwe sahihi zaidi, wakakiuza kando. Gemu zilizokitumia zilikuwa chache, mpaka mwaka 2010 wakaamua kukiingiza ndani ya rimoti yenyewe.

Microsoft waliuona ukweli huu. Siwezi kuwalaumu kwamba hawakusoma somo; walilisoma vizuri sana. Mei 2013 walipotangaza Xbox One, walisema Kinect mpya itakuwa ndani ya kila boksi, na mashine haitafanya kazi bila kuichomeka. Kwa watengenezaji wa gemu ilikuwa ndoto: kila mteja ana jicho.

Wakasahau nusu ya pili ya swali, kwamba wanamuuzia nani. Anayekimbilia kununua mashine mpya siku ya kwanza si shangazi. Ni yule kijana wa benchi la kibandani, mwenye pedi yake, anayetaka picha kali. Huyu alitakiwa kulipa dola 500 wakati PlayStation 4 ilikuwa dola 400, na ile mia ya ziada ilikuwa ni ya jicho asilolihitaji. Sony safari hii walifanya jambo la busara wakauza kamera kando kwa atakaye. Na juu ya yote, Juni 2013 nyaraka za Edward Snowden zikaanza kuchapishwa, dunia nzima inazungumzia serikali ya Marekani inavyopekua mawasiliano, na wewe unamwomba mtu aweke sebuleni kamera yenye kipaza sauti kinachosikiliza muda wote. Agosti 2013 Microsoft walilegeza, wakasema mashine itafanya kazi hata bila Kinect. Mei 2014 wakatangaza Xbox One isiyo na Kinect, dola 400, na wakawarudishia watengenezaji wa gemu ile asilimia 10 ya nguvu za picha iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya jicho. Hapo ndipo ilipokufa. Ilipofika Oktoba 2017 na utengenezaji ukasimamishwa rasmi, ilikuwa ni mazishi tu.

PrimeSense? Waliuzwa kwa Apple Novemba 2013, mwezi ule ule Xbox One ilipotoka. Mwaka 2017 iPhone X ikaanza kufunguka kwa kutawanya nukta za infraredi usoni mwa mwenye nayo. Na fimbo za Move zilizokuwa zimelala makabatini zilifufuka Oktoba 2016, Sony walipotoa PlayStation VR, ile kofia ya kufunika macho, wakahitaji kitu cha kushika mkononi.

Hapa mwenzangu angenidaka: kama Nintendo walikuwa sahihi namna hiyo, mbona nao walianguka? Ni kweli walianguka. Wii iliuza milioni 101.63 kwa jumla, ikizipita PlayStation 3 na Xbox 360. Lakini katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2012 Wii zilizouzwa zilishuka chini ya milioni 10, na kampuni ikapata hasara ya mwaka ya kwanza tangu ianze kutoa hesabu za pamoja mwaka 1981: yeni bilioni 43. Mrithi wake, Wii U ya mwaka 2012, iliishia milioni 13.56.

Wakosoaji walisema watu walichoka kupunga mikono. Mimi naangalia tarehe nyingine. iPhone ilitoka 2007, duka lake la programu likafunguliwa Julai 2008. Wateja ambao Nintendo waliwatoa gizani, wale waliokuwa hawajawahi kugusa gemu, walikuwa wamefundishwa kwamba gemu si uhuni. Waliposhika simu zenye gemu za bei ya karanga, hawakuwa na sababu ya kurudi dukani kununua mashine nyingine. Hawakuwa mashabiki wa Nintendo. Walikuwa watu waliofurahi jioni kadhaa.

Nilipita Sinza Jumapili. Wii bado ipo, kwenye kabati la sebuleni, imefunikwa kile kitambaa cha kufuma ambacho shangazi hufunikia kila kitu anachokithamini. Nilimuuliza kama nimchomekee tucheze tenisi. Alisema niache kwanza, yuko hatua ngumu ya Candy Crush, na maisha yake yamebaki mawili.